Jinsi Gari la Spoti Lilivyoshuka Bei Kati ya Ngara na Biharamulo

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumatano, gari jekundu la milango miwili lilipanda ukingo wa mtaro mbele ya gereji yangu pale Ngara mjini, likalala hapo kwa tumbo huku magurudumu ya nyuma yakizunguka hewani. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa na daftari la kuandika kila gari lililofika: muda, namba, na kasoro ya kwanza inayoonekana kwa macho. Siku hiyo niliandika, "4.17. Jekundu. Kasoro: liko karibu mno na ardhi." Ningeishia hapo, nikalivuta, nikachukua elfu mbili zangu za kuvuta na kurudi kazini, leo nisingekuwa na cha kuwaeleza.

Wiki iliyopita mmoja wenu, ninyi vijana mnaojifunza kazi kwa mpwa wangu, aliniamkia shikamoo, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikuwa amenisogezea simu usoni. "Mzee, hapa wanasema magari ya spoti hayashuki bei. Ni kweli?" Nilimwambia aje Jumamosi nimjibu. Hakuja. Kwa hiyo naandika, na ninyi wengine mtasoma kwa sababu ya uvivu wake.

Nimefanya kazi ya magari kwa miaka thelathini na moja, kwanza kama fundi, halafu kama fundi na dalali, na mwisho kama dalali tu, baada ya mgongo wangu kukataa kuingia chini ya gari. Shule niliacha darasa la saba. Mengine niliyojua niliyapata kwa watu wawili: Mzee Baltazari, fundi Msubi wa hapa kwetu aliyenifundisha kazi, na mimi mwenyewe, ambaye nilikuwa mwalimu mbaya zaidi.

Mzee Baltazari hakuwa mtu wa maneno. Gari likija kuuzwa, alianza na miguu ya dereva. Alitazama raba za pedali. Mita inaweza kusema kilomita elfu thelathini, lakini raba ya klachi ikiwa imelika mpaka chuma kinang'aa, basi mita imesaidiwa. Halafu alitazama vichwa vya boliti za bawaba za boneti. Vikiwa na mikwaruzo ya spana, boneti limewahi kutolewa, na boneti halitolewi kwa sherehe. Halafu alitoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio, akaifunga kitambaa ili isichubue rangi, akaipitisha ubavuni mwa gari. Inaposhika ni bati, inapoteleza ni pati, ule udongo wa kuzibia mabonde kabla ya rangi. Tuliwahi kupima gari la mwalimu mkuu mmoja, sumaku ikateleza kutoka taa ya mbele mpaka taa ya nyuma bila kushika popote. Mzee akairudisha mfukoni. "Mwalimu," akasema, "mvua isikukute."

Na kabla ya hayo yote, kabla ya pedali, alidai karatasi. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavaa miwani, akasoma kadi ya gari neno kwa neno kama mtu anayesoma barua ya posa. Mimi niliona anapoteza muda. Kumbukeni hilo.

Sasa kuhusu usomi wangu. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Wilaya yetu ilikuwa imejaa watu kuliko ilivyowahi kujaa, na kila siku malori ya chakula yalipita yakielekea kambini. Wageni waliokuja kufanya kazi huko walisoma majarida na kuyatupa, na karanga zikawa zinafungwa kwa karatasi nzuri sana. Siku moja nilinunua karanga za shilingi hamsini zilizofungwa kwa ukurasa wa jarida la magari, nikarudi kwa muuzaji nikanunua jarida zima lililobaki. Ndani yake mlikuwa na makala kuhusu namna magari yanavyopoteza thamani. Niliisoma kwa wiki tatu, kamusi mkononi. Ilisema gari la kawaida hupoteza karibu nusu ya bei yake ndani ya miaka michache, lakini baadhi ya magari ya spoti hushuka kidogo tu, na mengine hufika mahali yakaanza kupanda. Mlikuwa na jedwali. Nililinakili kwa rula kwenye daftari langu, kwa wino wa rangi mbili.

Gari la spoti lenyewe sikuwahi kuliona. Sasa limekuja lenyewe na kulala juu ya mtaro wangu.

Mwenye gari alikuwa daktari wa meno, mtu mwembamba mwenye koti la suti na viatu vya raba vya kambini. Alikuwa amevuka daraja la Rusumo, pale mpakani, akiendesha gari hilo, mkewe kiti cha mbele, watoto watatu na godoro nyuma. Sikumuuliza godoro liliingiaje. Kuna wakati watu huingiza vitu. Miezi mingi gari lilikuwa limekaa kambini chini ya turubai, na watoto wa jirani walitumia boneti lake kama mteremko. Sasa alipata nafasi ya kwenda kwa kaka yake Nairobi na familia, kwa basi.

"Fundi, nikuambie ukweli," alisema. "Kule kwetu nililipenda gari hili kuliko meno yangu. Hapa linanifanya nichekwe. Nipe milioni moja na laki mbili."

Nilipima pedali, raba zilikuwa nzima. Nilipima boliti, hazina mkwaruzo. Sumaku ilishika kila mahali kana kwamba imebandikwa. Injini iliwaka mara ya kwanza na kunguruma kwa sauti ya chini ya mtu mzima. Alinionyesha karatasi yake, kibali cha kuingiza gari, kina muhuri mzuri wa mviringo. Niliutazama muhuri. Nataka mlielewe vizuri kosa hili, kwa sababu litawagharimu na ninyi: jarida la kigeni nililisoma kwa wiki tatu nikiwa na kamusi, na karatasi ya Kiswahili ya mistari mitano sikuisoma.

Fedha nilikuwa nazo, ila hazikuwa zangu peke yangu. Mke wangu, Mama Stella, alikuwa ameona kitu ambacho wanaume wengi mjini hawakukiona. Wakimbizi walikuwa wanapewa mahindi ya punje, na punje hailiki bila kusagwa. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa na foleni kuanzia alfajiri. Kwa miaka miwili tulikuwa tumeweka akiba, yeye ya maharage na mimi ya gereji, na alikuwa amempata muuzaji wa mashine za dizeli huko Kahama. Bei ya mashine ilikuwa milioni moja na nusu. Tulikuwa tumelipa arubuni ya laki moja na nusu, na makubaliano yalikuwa kwamba tusipomalizia ndani ya miezi mitatu, arubuni inapotea. Milioni moja laki tatu na nusu iliyobaki ilikuwa ndani ya debe, chini ya mbegu za maharage. Mimi nilipiga hesabu kwamba nitauza gari kwa milioni moja na laki nane ndani ya wiki tatu, nirudishe fedha ya mashine, na ziada niinunulie gereji jeki mpya. Jedwali lilikubali. Nikatoa fedha kwenye debe, nikamlipa daktari.

Mchana nilimwita Mama Stella nje. Alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma.

"Baba Stella, linabeba magunia mangapi?"

"Halibebi magunia."

"Watu je?"

"Wawili. Wanne, ikiwa wawili hawana miguu."

Aliinama, akachungulia ndani kupitia dirishani. "Kwa hiyo umenunua pikipiki yenye milango."

"Magari ya namna hii hayashuki bei, Mama Stella. Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

Sikuweza kusema karanga. Akaingia ndani, akalihesabu debe, akatoka. "Mashine yangu ina miezi mitatu kasoro wiki moja," alisema. "Mimi nitahesabu siku, wewe hesabu hizo zako zilizoandikwa." Tangu siku hiyo, kila asubuhi aliponiletea chai alisema namba tu. Themanini na mbili. Themanini na moja. Chai yenyewe ilikuwa nzuri kama kawaida, na hilo ndilo lilinitisha.

Mteja wa kwanza alikuwa mnunuzi wa ndizi kutoka Kanazi. Alitazama paa.

"Keria inafungwa wapi?"

"Halina keria."

"Buti?"

Nilifungua buti. Ndani mlikuwa na tairi la akiba, na tairi lenyewe lilikuwa limejibana.

"Fundi," alisema kwa upole, "hili gari linaenda wapi bila mzigo?"

Nilimweleza kwamba linakwenda kasi. Akatazama barabara iliyoteremka kutoka mjini, mawe na mashimo na mbuzi, akanitazama tena, akaniaga.

Mzee Baltazari alikuja siku ya tano. Alikataa kuliendesha, alisema hawezi kukaa chini hivyo mbele ya watu. Lakini alikata vipande vya raba kutoka tairi kuukuu la lori, akavipachika kwenye springi zote nne, gari likainuka kiasi cha ngumi moja. "Jana lilikuwa kiatu," alisema. "Leo ni gari." Alinifundisha pia namna ya kuliendesha kwenye changarawe: usifuate njia za magurudumu ya malori, kwa sababu katikati yake kuna tuta, na tuta hilo linajua eksozi yako ilipo. Panda gurudumu moja juu ya tuta na lingine pembeni mwa barabara, uendeshe umeinama upande kama mtu mwenye jipu. Ushauri huo ni halali mpaka leo.

Juma la tatu nilipata mteja wa kweli. Mzee Ramadhani, muuza vitenge wa Biharamulo, alituma salamu kwamba yuko tayari kutoa milioni moja, ilimradi nimpelekee alione. Milioni moja ilikuwa hasara ya laki mbili, lakini mashine ingepatikana tukikopa kidogo. Nikaondoka.

Siku hizo magari hayakupita msitu wa Biharamulo peke yake. Majambazi walikuwa wengi, hivyo tulikwenda kwa msafara na askari. Askari aliyepanga magari aliniweka nyuma ya lori la tatu, halafu akanisahau, kwa sababu kwenye kioo cha lori sikuonekana. Tulipofika mahali pa kuhesabu magari alisema limepungua moja. Nilipiga honi kutoka chini. Akainama. "Kumbe upo," alisema. "Basi wewe huhitaji ulinzi."

Kwenye lami ya barabara kuu, ambayo malori yalikuwa yameitoboa kama chujio, nilipoteza kifuniko cha gurudumu. Baada ya Lusahunga changarawe ilianza tena na vumbi la malori likanifunika, nikashindwa kuona tuta liko wapi. Tuta liliniona. Eksozi ilikatika kwa mlio ambao sitausahau, na bampa ya mbele ikafuata kwa hiari yake. Bampa niliiokota, na eksozi pia, nikaikalisha kiti cha abiria ikiwa bado ya moto, ikatoboa kiti.

Mzee Ramadhani alikuwa amesimama barazani kwake, mikono masikioni.

"Nimekusikia tangu ng'ambo ya kilima," alisema nilipozima injini. "Nilidhani ni ndege ya chakula."

"Ni eksozi tu, mzee. Inaungwa."

Alilizunguka polepole. Alikuwa mtu wa haki, hakucheka. "Fundi Deo, umeondoka Ngara na gari la milioni moja. Limefika la laki saba. Laki tatu ziko barabarani. Rudi ukaziokote, mimi nitakusubiri."

Laki saba sikuikubali. Nilirudi Ngara nikiwa na gari linalonguruma kama greda, na kwenye daftari, pembeni ya jedwali lile la rangi mbili, nikaanza jedwali langu mwenyewe: bei kwa kila kilomita. Asubuhi iliyofuata chai ilikuja. "Hamsini na nane," alisema Mama Stella.

Niliunga eksozi, nikalipaka gari rangi pale lilipochubuka, na nikaamua kwamba kama halibebi mzigo, litabeba heshima. Kuna familia ya Bugarama iliyokuwa inaoza binti, na upande wa bwana harusi ulitaka bibi harusi aje kwa gari ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Tulikubaliana shilingi elfu ishirini na tano kwa siku.

Jambo nililosahau, na ninyi mliozaliwa huku mnalijua, ni masenge, shangazi wa bibi harusi. Huyo hamwachi mtoto wa kaka yake njiani. Anatoka naye nyumbani, anakaa naye, anamfikisha mlangoni. Masenge wa siku hiyo alikuwa Mama Veneranda, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti. Alilitazama gari.

"Kijana, limekatwa hili?"

"Hapana, masenge. Ndivyo lilivyotengenezwa."

"Basi aliyelitengeneza hakuwa na shangazi."

Alikaa kiti cha mbele, juu ya tundu la eksozi. Bibi harusi tulimlaza nyuma kwa ubavu, shela lake likatokea dirishani. Bwana harusi, aliyekuwa amekuja na mpango wa kukaa kando ya mkewe, alipewa baiskeli. Tulikwenda vizuri mpaka mlima wa mwisho, ambapo kulikuwa na jiwe. Gari lilikaa juu ya jiwe na kutulia.

"Masenge," nilisema, "naomba ushuke hatua kumi tu, gari liinuke."

"Masenge hashuki njiani. Nikishuka, nimeirudisha harusi kwetu."

Wazee wa pande zote mbili walithibitisha: katika ukoo ule, shangazi akikanyaga chini kabla ya mlango, mahari inaanza kujadiliwa upya. Bwana harusi alisikia hilo akaegesha baiskeli. Waimbaji waliacha kuimba. Wanaume kumi na wanne walishika gari kila upande, wakaliinua likiwa na masenge ndani, bibi harusi ndani na mimi ndani, wakalivusha jiwe. Mama Veneranda alipungia watu mkono muda wote. Baba wa bwana harusi alinilipa, kisha akakata elfu tano za rubisi, pombe ya ndizi ya wanyanyuaji. Nikabaki na elfu ishirini.

Mmoja wa wanyanyuaji, mgeni mwalikwa mwenye shati jeupe, alikuwa ameshika bampa ya nyuma, uso wake ukiwa shubiri moja kutoka kwenye namba ya kigeni ya gari. Jumatatu alikuja gereji akiwa na kitabu kwapani. Alikuwa ofisa wa forodha.

"Fundi, pole na Jumamosi. Mgongo unaniuma. Gari hili ni la nani sasa?"

"Langu."

"Naomba karatasi."

Nilimpa kibali chenye muhuri mzuri. Aliusoma mstari wa tatu kwa sauti, taratibu, kama alivyokuwa akisoma Mzee Baltazari. Gari limeruhusiwa kuingia bila ushuru kwa matumizi ya mwenye kibali pekee. Likiuzwa nchini, mnunuzi analipa ushuru wote. Halafu akafungua kitabu, akateremsha kidole. Nilimwambia nilinunua kwa milioni moja na laki mbili na kwamba Biharamulo nzima inasema ni laki saba.

"Sisi hatutumii bei ya Biharamulo," alisema. "Tunatumia kitabu. Na kitabu kinasema aina hii..." Alikisogeza karibu na mwanga. "Aina hii haishuki sana. Inashikilia bei yake vizuri kabisa."

Ushuru ulikuwa milioni moja, laki nne na elfu sitini.

Nilikaa kwenye ndoo. Kwa wiki saba nilikuwa nimetafuta, katika wilaya mbili, mtu mmoja anayekubaliana na jedwali langu. Nilikuwa nimempata. Alikuwa mtu wa adabu, alikubali chai, na alinieleza njia nilizonazo: nilipe, nilitoe gari nje ya nchi, nilikabidhi serikalini, au nimuuzie mtu mwenye msamaha wa kodi. Nilikuwa na siku thelathini. Mama Stella alileta chai yake, akatuangalia wote wawili. "Thelathini na mbili," alisema. Ofisa alidhani anamsahihisha.

Nilipomweleza yote, hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja: "Karatasi ilikuwa kwa lugha gani?" Nikamjibu. Akaenda kumwagilia bustani ambayo mvua ilikuwa imeinyeshea asubuhi hiyo.

Watu wenye msamaha wa kodi walikuwapo wengi, wageni wa kambini, lakini wote walikuwa na magari marefu ya mashirika yao yenye dereva na redio. Niliwafuata wanane. Mmoja alipiga picha. Siku ya kumi na moja injinia mmoja mgeni alileta blade ya greda iungwe. Aliitwa Marit, mama mmoja wa makamo, mrefu, kazi yake kutengeneza barabara za kwenda kambini. Kiswahili alikuwa amejifunzia Songea na alikizungumza kwa kunyoosha. Alipoliona gari aliweka blade chini.

Hakuniuliza bei. Aliingia chini ya gari kwa mgongo, akiwa na nguo zake za kazi, akakaa huko dakika ishirini. Alipotoka alisema, "Nani ameweka raba za lori?"

"Mwalimu wangu."

"Mpe salamu. Eksozi nani ameunga?"

"Mimi."

Kuhusu hilo hakutoa salamu. Alisema anayo haki ya kuingiza gari moja la binafsi bila kodi na hajaitumia, na kwamba kwao gari kama hili, hata likiwa na umri huu, lingeuzwa mara tatu ya nilivyolinunua. Nilimwambia basi alinunue kwa bei ya kwao.

"Kwetu kuna lami, fundi," alisema. "Nitakupa laki tisa."

Mnaona. Maneno hayo manne ndiyo jarida lingepaswa kuandika juu ya jedwali, kwa herufi kubwa. Bei niliyoinakili kwa rula haikuwa ya gari. Ilikuwa ya barabara ya mtu mwingine, ya mafundi wake, ya vipuri vya dukani kwake na ya vijana wake wenye fedha na bila magunia. Gari lilipovuka daraja, hivyo vyote vilibaki ng'ambo. Nilimuuliza yeye atalipitisha wapi. Akasema Jumamosi jioni atapitisha greda kwenye kipande cha kilomita tisa, na Jumapili asubuhi, kabla ya malori, ataendesha. Kwa hesabu yangu, katika wilaya nzima ni mtu mmoja tu aliyeweza kumiliki gari la spoti: mwenye greda.

Lakini barua ya msamaha wake ilipaswa kutoka Dar es Salaam, na bila barua asingeweza kulipa. Siku zilipungua. Kumi na tano. Tisa. Mama Stella alianza kulifuta debe vumbi kila asubuhi, ingawa halikuwa na vumbi. Siku ya saba kwenye hesabu yake, nikiwa nimeanza kuandika barua ya kukabidhi gari serikalini, injinia alikuja na barua yake na bahasha. Ofisa wa forodha aligonga muhuri palepale gereji, juu ya boneti, na safari hii nilisoma kila mstari, mara mbili, nikiufuata kwa kalamu yake, mpaka akaniomba niirudishe.

Mama Stella alizihesabu noti za injinia, akaongeza zilizobaki kwenye debe na zile za harusi. Zilikuwa milioni moja na elfu moja na mia tano. Zilipungua laki tatu na zaidi kufikia mashine yake.

"Nitakwenda nawe Kahama," nilimwambia. "Nitamwomba muuzaji atuvumilie."

"Wewe baki," alisema. "Utaona kitu kimeandikwa."

Alipanda lori la mchele asubuhi iliyofuata, fedha akiwa amezifunga kiunoni, na alirudi siku ya nne na mashine ndogo, ile ya ukubwa wa chini. Bei yake milioni moja na laki moja. Arubuni ilihesabiwa, akamalizia laki tisa na nusu, na elfu hamsini na moja na mia tano ilikuwa ya kusafirisha. Hakubakiwa na shilingi. Mashine ilisaga polepole, wanawake wa kambini waliicheka kwamba inatafuna kama bibi, lakini walipanga foleni. Jioni Mama Stella alirudi mweupe wa unga mpaka kope. Kisha alinitajia idadi ya waliokosa zamu wakaenda kwenye mashine kubwa ya jirani.

Mwaka mmoja na kitu baadaye watu walirudi kwao. Kwa siku nyingi barabara ya kwenda darajani ilijaa, watu na godoro na mbuzi, halafu ikawa tupu. Hapo bei za mashine kubwa zilianguka. Jirani yetu, aliyenunua kwa milioni na nusu, aliuza kwa laki sita. Yetu ndogo iliwatosha watu wa Ngara, ikaendelea kufanya kazi.

Nilikaa na daftari jioni nzima. Nilimwonyesha Mama Stella kwamba, kwa kutazama jambo lote, gari lilituzuia kununua mashine kubwa, mashine kubwa ingetupotezea laki tisa, kwa hiyo gari, likitazamwa kwa utulivu, lilikuwa limetuokolea fedha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kalamu mkononi mwangu. "Ulinunua kwa ngapi?" Milioni moja na laki mbili. "Ukatumia?" Eksozi, rangi, petroli, tairi, elfu sitini na nane na mia tano. "Ukapata?" Elfu ishirini za harusi na laki tisa. Alijumlisha, akatoa, akapiga mistari miwili juu ya hesabu yangu yote, na chini yake akaandika kwa herufi za mtu aliyeishia darasa la nne: Hasara, Sh. 348,500.